Maji Yalifika Hapa

Kila asubuhi nakaa juu ya kigoda mlangoni mwa kituo cha watoto cha binti yangu, hapa Mukuru kwa Reuben. Mtoto akifika namwita kwa jina lake, kisha jina la mama yake, na la nyanya yake kama nalijua. Haingii mpaka aitike. Hiyo ndiyo kazi yangu. Binti yangu anapika uji, anabadilisha nepi, anagombana na mvuta mkokoteni wa maji. Mimi naita majina. Tangu utotoni majina hayajanipotea. Namkumbuka mtu aliyetuuzia mahamri tukiwa wadogo, wake zake wote wawili, na paka wao aliyekuwa na jina zuri kuliko langu. Lakini humu sitataja hata moja. Majirani zangu wamepanga nyumba ukingoni mwa mto, na mtu aliyepanga ukingoni hapendi jina lake litembee kwenye karatasi. Sababu mtaiona.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Pumwani. Nilianza chuoni, kwa kusoma Kurani, nikaonja shule ya serikali kidogo, kisha mama akaugua na mimi nikawa mwenye jiko. Niliolewa na mtu wa reli tukakaa Makongeni, nyumba ya kazi. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni. Alipostaafu tulirudisha ufunguo, na miaka si mingi akatangulia mbele ya haki. Nikaja huku kwa binti yangu, kwenye mabati, na sijutii. Makongeni nilikuwa na ukuta wa mawe na hakuna wa kuongea naye. Hapa jirani akikohoa nampelekea tangawizi.

Mto unapita nyuma ya kituo chetu. Ukitaka kujua viwanda vimefanya nini leo, chungulia rangi yake. Juu kabisa, mbali na sisi, kuna bwawa kuukuu. Enzi za ujana wetu watu walikwenda kule Jumapili kuvua samaki na kupigwa picha. Siku hizi magugu yamelifunika mpaka mgeni anaweza kudhani ni shamba la mtu. Sisi wa chini tulikuwa tumeshalisahau. Mtu hufikiria mlango wake na choo chake; nani wa kufikiria beseni la maji lililokaa juu ya kichwa chake, na halioni?

Mafuriko tuliyajua, lakini ya mvua. Kabla nyumba ile haijawa kituo, binti yangu alikuwa akilala humo na cherehani yake. Mwaka wa ile mvua kubwa, maji yalipanda mpaka chini ya dirisha. Alisimama juu ya meza, cherehani kichwani, akilia na kucheka, mpaka vijana wakamfikia kwa kamba. Safu yetu nzima ya nyumba ililowa. Godoro la jirani yangu anayekaanga chapati lilikutwa limekwama darajani, na shuka bado imechomekwa vizuri.

Sasa, siku vijana wa kupima walipokuja mimi sikuwepo. Binti wa ami yangu alikuwa amefariki, nikakaa Majengo mpaka khitma ikasomwa. Niliporudi, kitu cha kwanza kuniangalia kilikuwa ukuta. Mabati ya kituo chetu yana kutu, masizi na michoro ya makaa ya watoto. Lakini karibu na dirisha palikuwa na kipande kama sinia kinachong'aa, kimesuguliwa kwa stilwaya mpaka ungeweza kujifungia mtandio mbele yake.

"Nani ameuogesha ukuta?" nikauliza.

Jirani wa chapati alikuwa kwenye kibanda chake, pale kwenye mdomo wa kichochoro kinachopanda kwenda barabarani. Akaigeuza chapati kwa vidole, hana hata mwiko mwanamke yule.

"Shosho, karibu nyumbani. Ulituacha tukapigwa rangi."

"Rangi gani?"

"Ya buluu."

"Rangi imetolewa bure na nyinyi mkaikataa? Nyinyi?"

"Cheka tu. Rangi ukutani, Nairobi hii, ni ya kuchekwa? Kwanza wanakuja na kofia za plastiki, eti wanapima tu. Halafu rangi. Halafu tingatinga. Usiniambie hujaona."

Nimeona. Mtu wa Eastlands akiona alama kwenye ukuta wake hasubiri kuuliza ni ya nini. Tumezoea ile X nyekundu. Ikipigwa leo, kesho unabeba mabati yako kichwani ukitafuta pa kuyasimamisha. Kwa hiyo binti yangu aliponieleza ilivyokuwa, sikushangaa.

Wapimaji walikuwa na mtambo wa miguu mitatu, rula ndefu ya rangi mbili, na kidege kisicho na rubani ambacho watoto walikipungia mikono mpaka kikapotea. Kiongozi wao msichana, gamubuti zimemzidi miguu. Aliuliza vizuri tu: mafuriko yaliyopita, maji yalifika wapi? Binti yangu, ambaye hajui kudanganya mpaka afundishwe, akamwonyesha chini ya dirisha. Msichana akaandika, akapiga nukta ya buluu pale pale, akaaga, jua likawa limezama, wakasema watarudi kesho kumalizia.

"Wewe!" jirani wa chapati alimwambia binti yangu mara walipopinda kona. "Umejiuza, na sisi umetuweka kwenye mzani!"

Wanawake wakaja na mafuta taa na stilwaya, nukta ikaondoka na kutu yake. Kesho yake msichana alirudi, akaangalia ukuta unaong'aa, akauliza tena.

"Ukamwambia nini?" nikamwuliza binti yangu.

"Nilimwambia nilichanganya. Ile nukta ilikuwa mahali watoto walirusha tope. Maji yalifika hapa tu." Akanionyesha kifundo cha mguu.

"Na wengine?"

"Kifundo. Safu nzima, kifundo."

"Mimi niliwaambia hapa ni pakavu kuliko Wajir," jirani akadakia.

"Na godoro lako lililokutwa darajani?"

"Shosho, lile lilitoka kutembea. Kwani godoro halichoki nyumbani?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Nilichukua kigoda changu, nikaendelea kuita majina.

Muda ukapita. Mzee wa kijiji akatuita sote kwenye ukumbi wa kanisa lililoko juu, kando ya barabara. Wapimaji walikuwa wameleta ramani ya kwanza, kubwa kama shuka ya kitanda, wameitundika ukutani. Walisema bado si ya mwisho, wameileta tuikague. Yule msichana akasimama mbele yetu na fimbo.

"Hatujaja kusema bwawa litabomoka," akasema. "Tumekwenda kulipima kama daktari anavyompima mzee. Lina umri. Miti imeota kwenye tuta lake, na mizizi inafungua njia ndani ya udongo. Njia ya kutolea maji ya ziada imeziba kwa magugu na taka. Chini kuna mahali panavuja. Pakivuja maji safi, tunaangalia. Siku pakivuja maji ya tope, tunapiga simu, kwa sababu hayo yanatoka na udongo wa tumbo la bwawa lenyewe."

"Sasa si mlizibe!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Tumependekeza hivyo, na kazi inapangwa. Lakini mpaka ikamilike, tuna swali lingine. Likibomoka, maji yatapita wapi, yatamfikia nani kwanza, na huyo mtu awe ameambiwa saa ngapi? Ndiyo ramani hii."

Mimi kusoma kwangu ni kwa kupapasa, lakini reli niliitambua mara moja, ile mistari iliyofumwa kama mkeka. Kutoka kwenye reli nikafuata barabara, nikaufuata mto, nikafika nyumbani. Buluu hafifu ilikuwa maji ya mvua. Buluu nzito ilikuwa maji ya bwawa. Ng'ambo ya mto kote buluu nzito. Upande wetu, buluu ilikuja ikafika safu yetu ikasimama, kama mgeni aliyeambiwa kuna mbwa. Na juu ya kituo cha binti yangu palikuwa na doa la kijani na vijisanamu vya watu wanaokimbia kutoka pande zote, wakielekea katikati.

"Mwanangu," nikamwuliza yule msichana, "hapa pana sherehe gani?"

"Hapo ndipo pa kukimbilia, shosho. Sakafu ya saruji imeinuliwa, kuna uwanja, na wenyeji wote wamesema maji hayapandi. Lakini tunataka mthibitishe."

Watu wakapiga makofi. Binti yangu alipiga kwa ncha za vidole. Hakunitazama.

Niliteremka kile kichochoro polepole, mkono ukutani. Kichochoro chenyewe ni chembamba hata watu wawili wakikutana mmoja lazima arudi, na mwisho wake ndipo kilipo kibanda cha chapati na karai la mafuta. Niliviona vile vijisanamu vikiteremka hapo. Watu wa safu zote, na magodoro na mitungi ya gesi, wakikimbia kwenda chini badala ya kwenda juu, wakijazana kwenye chumba chenye watoto ambao wengine hawajajua kutembea. Na maji yakija kwa nyuma.

Jioni tulikuwa tunaosha vikombe vya uji.

"Mama, usianze," binti yangu akasema.

"Sijaanza. Naosha vikombe."

"Nakujua unavyoosha ukiwa umeanza."

Nikasuuza kingine. "Ulisimama juu ya meza na cherehani," nikasema. "Watoto hawa ukiwasimamisha juu ya meza ile ile, wangapi watashika cherehani?"

Akatupa kitambaa ndani ya beseni. "Na nikisema kweli? Watakuja na karatasi, watasema mahali hapa ni hatari, funga. Sawa, nifunge. Nile nini, hilo tuliache. Mama zao alfajiri wanasimama kwenye mageti ya viwanda wakingoja kuitwa. Unafikiri watawaacha wapi hawa? Watawafungia ndani. Kufuli nje, mtoto ndani, jiko la mafuta ndani. Mama, hilo wewe umeliona kwa macho yako. Hilo ndilo unataka?"

Nililiona kweli, na ndiyo sababu kituo kile kilianzishwa. Nilikaa na kikombe mkononi mpaka maji yakapoa.

"Baba yako," nikasema mwishowe, "alikuwa akivuta mtaimbo, treni ikageuka. Treni haikuuliza kama alivuta kwa nia nzuri. Ilikwenda pale ilipoelekezwa. Ile ramani tumeshaivuta, mwanangu. Imeelekea kwetu."

Alichukua kitambaa chake akaenda kuanika.

Mimi si mtu wa kubishana sana. Kesho yake, baada ya uji, nilitoa leso zangu, zile za zamani zilizolainika, nikazifunga moja kwa nyingine zikawa kamba ndefu, na katikati ya kila leso nikapiga fundo. Mafundo ni ya kushika mkono mdogo. Sisi Majengo ndivyo tulivyovushwa barabara tukienda maulidi, kila mtoto na fundo lake, na ole wako uliachie.

"Tunakwenda wapi, nyanya?" wakauliza.

"Juu. Tukaone kama tunafika."

Binti yangu alinung'unika lakini akaja, mtoto mgongoni na mwingine kila mkono. Tulitoka vizuri, tukiimba. Tulifika kibanda cha chapati, wimbo ukakatika. Karai linachemka, meza imekula njia, wateja wamesimama.

"Shosho, maandamano ya nini? Mnataka bei ya unga ishuke?"

"Tunataka kupita."

"Wote hao? Pita mmoja mmoja, na usiniguse mafuta!"

Wakati huo mvuta maji akawa anateremka na mitungi yake. Yeye hawezi kurudi, sisi hatuwezi kusonga. Mtoto wa mbele akaona chapati akaachia fundo. Wa nyuma wakaketi. Mmoja akaanza kulia, basi kilio kikapanda ile leso fundo kwa fundo kama umeme. Jirani alizima jiko kwa hofu tu, akaweka mwili wake kati ya karai na watoto, mikono ameitanua kama kuku. Hatukufika popote. Tulirudi kinyumenyume.

Nilipogeuka nilimwona binti yangu mwisho wa mstari, na wale watatu aliowabeba. Alikuwa anaangalia karai. Kisha akaangalia mtoni. Kisha akaangalia tena karai. Alipowalaza watoto usingizi wa mchana, alichukua simu akatoka nje, na nikamsikia akisema, "Ni mimi, wa kituo cha watoto. Nataka uje. Hapana, si kesho."

Msichana alikuja kabla watoto hawajaamka, gamubuti zikimpigia makofi. Binti yangu hakumkaribisha hata chai. Alimwingiza ndani, akaitoa kalenda iliyotundikwa kwenye nguzo ya mbao. Nyuma yake ule mstari wa tope bado ulikuwepo, umenyooka, umeingia ndani ya mbao.

"Maji yalifika hapa," akasema.

Msichana akauweka mkono pale. Aliguna tu kwanza.

"Mtambo wangu ulikuwa unaniambia hivyo hivyo," akasema. "Nilimwambia mkubwa wangu, hesabu za safu hii hazikai pamoja na za ng'ambo. Akasema wenyeji wote wameshuhudia kifundo. Nilijua kuna kitu. Sikujua niulize vipi bila kuwaita waongo."

"Ungetuita tu," jirani wa chapati akasema mlangoni; alikuwa amefuata habari. "Tumeitwa makubwa zaidi."

Binti yangu hakucheka. "Na mkishajua, mtatufanyaje?"

Nilimpenda yule msichana kwa jibu lake. "Sisi hatubomoi," akasema. "Nukta yangu ni ya kukumbuka kimo cha maji, basi. Lakini siwezi kuapa kwa niaba ya watu wasionijua. Ninachoweza ni kuandika kwamba hapa kuna watoto wadogo, na kwamba safu hii ndiyo ya kupigiwa simu kwanza. Na nikiacha ilivyo, nitakuwa nimewaita watu waje kuzama kwako."

Huko ndani mtoto mmoja alikoroma kama mzee.

"Andika," binti yangu akasema.

Jirani alisimama pale, mikono yenye unga kiunoni. Akavuta pumzi. "Basi njoo kwangu pia. Mimi yalinifika kifuani. Na lile godoro halikutoka kutembea."

Ikawa kama kufungua mfereji. Mlango kwa mlango watu wakaonyesha: goti, kiuno, kifua. Na kwa kuwa sisi ni sisi, ukweli ulipoanza kutoka ulipitiliza. Mzee mmoja muuza makaa akaapa maji yalimfika kwenye paa, yeye akaogelea.

"Hapana, baba," msichana akamwambia, jicho kwenye mtambo. "Nyumba yako iko juu kidogo. Yalikufika kiunoni."

"Kiunoni kwako wewe au kwangu mimi? Mimi mfupi!"

Ramani mpya ilipokuja, safu yetu ilikuwa buluu nzito, na vijisanamu vilikuwa vinakimbilia juu, kwenye uwanja wa kanisa. Niliikagua kwa kidole kutoka kwenye reli mpaka mlangoni kwangu, nikaona sasa inafanana na makazi yetu. Nilimwuliza msichana, bwawa likivunjika maji yatachukua muda gani kutufikia. Akanitajia dakika. Dakika hazinikai kichwani.

"Niambie kwa jiko," nikamwambia. "Ni muda wa chai, wa wali, au wa maharagwe?"

Akafikiri sana, macho juu. "Maharagwe, shosho. Ila yaliyolowekwa."

Basi nikajua tunao muda, lakini si wa kuupoteza.

Kufungwa hatukufungwa, lakini ilibidi tupange. Mzee wa kijiji na mimi tulikwenda kwa mchungaji kuomba ukumbi, ili miezi ya masika watoto washinde huko. Mchungaji aliutazama mtandio wangu, akatabasamu. "Mama, utakaa kanisani masika yote?"

"Nitakaa mlangoni," nikamwambia. "Nimezoea milango."

Imamu naye alikubali kipaza sauti cha msikiti kitumike kutangaza, maana kinasikika mpaka ng'ambo. Kazi ngumu ilikuwa kibanda cha chapati. Jirani alinuna. Alisema amekaa pale kabla ya watoto wale kuzaliwa, na kabla ya mama zao kupata akili. Siku moja tulimkuta anang'oa nguzo mwenyewe, akigombana na nyundo. Akahamia upande wa pili, penye tope zaidi. "Nimehamishwa na watu wasio na meno," alimwambia kila mteja kwa mwezi mzima.

Kila Ijumaa asubuhi tulifanya mazoezi. Leso, mafundo, juu, naita majina mlangoni mwa ukumbi, chini tena. Watoto walidhani ni mchezo, na sisi hatukuwaambia vingine.

Mvua haikungoja mpango wetu. Ilikuja kabla ya masika, kwa vishindo, na haikukatika. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi ndani ya mlango kwa sababu ya manyunyu, kipaza sauti cha msikiti kikakohoa. Haukuwa wakati wa adhana. Ilikuwa sauti ya mzee wa kijiji, imepanda kuliko kawaida: simu imetoka bwawani, maji yamefika ukingo wa juu, watu wa chini wapande sasa, wasingoje kuona.

Binti yangu alizima jiko. Hakupiga kelele. "Mama, leso."

Waliozoea walishika mafundo wenyewe. Kichochoro kilikuwa kinateleza kama samaki, lakini kilikuwa wazi, na watu wote walikuwa wanakwenda upande mmoja. Vijana walisimama pembeni wakipokea wachanga mkono kwa mkono. Mimi nilipandishwa na mvuta maji, ameniweka juu ya mkokoteni wake na mitungi mitupu. "Shosh, shika hapo," akasema. "Leo wewe ndiye mzigo wa maana."

Mlangoni mwa ukumbi nilianza kuita. Jina, jina, jina. Naam, naam, naam. Nikafika kwa mmoja, kimya. Nikamwita kwa jina la mama yake. Kimya. Binti yangu alishageuka kutazama chini, uso umebadilika rangi. Nikapaza sauti, nikamwita kwa jina la nyanya yake, ambaye nilicheza naye kibe, kujificha na kutafutana, huko Majengo, sote hatuna meno ya mbele.

"Naam!" ikatoka ndani ya nguo.

Jirani wa chapati akafunua leso yake kubwa. Mtoto alikuwa amejikunyata kifuani kwake, ana unga masikioni. "Nilimkuta anarudi kufuata kikombe chake," akasema, anahema. "Mzito huyu. Mnampa uji au saruji?"

Kutoka kwenye ua wa kanisa tuliuona mto ukitoka kitandani mwake. Haukuja na kishindo nilichokiogopa. Ulijaa, ukapanda, ukaingia safu yetu kwa mlango kama mwenye nyumba. Mitungi ikaelea, na mlango wa choo cha mtu. Kituo chetu kilimezwa mpaka chini kidogo ya dirisha. Wanawake walilia vitu vyao, na mimi nililia vikombe. Lakini kila nilipogeuka, ukumbi ulikuwa umejaa kelele za watoto.

Msichana alimpigia simu binti yangu jioni, sauti imekauka. Hata mimi niliisikia. "Limesimama. Mwambie shosho limesimama."

Bwawa halikubomoka. Yaliyotufikia yalikuwa ya mvua pamoja na yale yaliyofurika juu ya tuta. Kule juu sasa wanakata miti kwa taratibu, wamefungua njia ya maji ya ziada, na pale panapovuja kuna mtu wa kupaangalia kila siku. Binti yangu alikwenda kujionea na wanawake wa safu yetu. Alirudi akasema maji yanayovuja ni safi, ameyakinga kwenye kiganja. Tingatinga hatujaliona. Kesho siijui, wala sijifanyi naijua.

Tulitoa tope kwa majuma. Mabati yalipokauka, binti yangu alimwomba msichana rangi ya buluu. Alipewa iliyobaki kwenye mkebe. Akaipiga nukta mwenyewe, pale pale palipokuwa panang'aa, na jirani wa chapati akasimama nyuma yake akimwelekeza: juu kidogo, hapana, umepitisha.

Watoto wameigeuza kuwa kipimo chao. Asubuhi, wakishaitika, wanakwenda kusimama chini ya nukta, mgongo ukutani, kuona nani ameipita. Waliopita wanaringa sana. Leo yule aliyerudi kufuata kikombe alisimama kwa ncha za vidole, shingo ameivuta.

"Nyanya, nimepita maji?"

Nilimwita jina lake lote, mpaka la nyanya yake. "Bado kidogo," nikamwambia. "Ingia unywe uji."